Vyuo vya Kati vya Uingereza, Wanafunzi wa Kigeni na Ushirikiano wa Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa tumekusanya maswali ambayo wazazi, walimu, mawakala na wakuu wa vyuo hutuuliza tena na tena: vyuo vya kati vya Uingereza huwapataje wanafunzi kutoka nje, na hushirikianaje na vyuo vya nchi nyingine? Majibu mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe yana vichochoro. Kanuni za viza nazo hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo kabla hujalipa hata senti, linganisha tarakimu za hapa na zilizo kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza.

Chuo cha kati cha Uingereza ni chuo cha namna gani?

Wenyewe huviita vyuo vya further education, kwa mkato FE. Humpokea kijana aliyetoka sekondari akiwa na miaka 16, na vilevile mtu mzima wa miaka 50 anayetaka kubadili kazi. Chini ya paa moja utakuta karakana ya magari, jiko la mafunzo ya upishi, saluni, na darasa la vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya A level. Ngazi inayowahusu zaidi wageni ni ya 3, ambako ziko A level, BTEC (cheti cha ufundi) na T Level (kozi ya ufundi inayolingana na A level) iliyoanza mwaka 2020. Juu yake zipo ngazi ya 4 na ya 5, yaani vyeti vya juu vya ufundi vya HNC na HND. Vyuo vingine hufundisha hadi shahada, ila cheti chenyewe mara nyingi hutolewa na chuo kikuu wanachoshirikiana nacho.

Historia yake ni fupi lakini inaeleza mengi. Hadi mwaka 1993 vyuo vya England na Wales vilikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya 1992 ilivitoa huko, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1993 kila chuo kikawa na bodi yake, bajeti yake na madeni yake. Mkuu wa chuo akapata uhuru wa kupanda ndege kwenda kutafuta wanafunzi, na uhuru wa kufilisika pia. Kamba imekazwa tena tangu Novemba 2022, ofisi ya takwimu ya taifa ilipovihesabu vyuo vya England kuwa sehemu ya serikali kuu. Tangu hapo, kukopa benki ya biashara au kuingia dili lenye hatari kubwa kunahitaji baraka za wizara. Ukiona chuo cha England kinachelewa kusaini mkataba na wewe, huenda si dharau, bali karatasi bado ziko mezani kwa mtu mwingine.

Kwa nini vihangaike na wageni wakati vina vijana wao?

Fedha ni sababu ya kwanza na hakuna haja ya kuificha. Ruzuku ya serikali kwa kila kijana wa miaka 16 hadi 19 ilibanwa kwa muda mrefu, na ada ya mwanafunzi wa kigeni ni fedha ambayo chuo hujipangia chenyewe. Ila ruzuku ya umma haipaswi kumbeba mgeni. Ada yake lazima ilipie mwalimu, malazi, ofisi ya viza na mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Ukishatoa yote hayo, faida inayobaki ni ndogo kuliko bodi nyingi zinavyodhani.

Sababu ya pili hutajwa mara chache ingawa naiona nzito zaidi: kuna kozi ambazo bila wageni zingekufa. Mji wa Newark, katikati ya England, una shule ya kutengeneza fidla iliyoanzishwa mwaka 1972 na ambayo iko chini ya Lincoln College. Mji mmoja hauwezi kuzaa mafundi fidla wa kutosha kujaza darasa kila mwaka, ndiyo maana wanafunzi hutoka mbali. South Shields, mdomoni mwa mto Tyne, kuna shule ya ubaharia tangu 1861. Kwa kuwa vyeti vya maafisa wa meli hufuata mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, cheti cha afisa aliyesoma pale kinaweza kutambuliwa kwenye meli za bendera za nchi nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: fundi wa Newark na mwalimu wa ubaharia wana kazi kwa sababu mtu fulani alivuka bahari.

Tena wapo vijana wengi kwenye vyuo hivi ambao hawajawahi kutoka wilayani kwao. Kukaa benchi moja na mwenzao kutoka Vietnam au Nigeria ni safari ya namna yake, ingawa hakuna mhasibu anayeiandika kwenye vitabu.

Wageni husoma nini hasa?

Makundi ni kadhaa na hayafanani. Kuna wanaokuja kwa A level au mwaka wa msingi ili waingie chuo kikuu, mara nyingi kwa sababu ada ya chuo cha FE ni nafuu kuliko shule binafsi ya bweni. Kuna wanaokuja kwa Kiingereza tu: kozi isiyozidi miezi 6 yaweza kusomwa kwa viza ya matembezi kwenye taasisi yenye ithibati, na ya kati ya miezi 6 na 11 ina viza yake fupi. Wengine hutumwa na serikali au mwajiri kwa ufundi maalumu. Halafu kuna makundi ya wanafunzi au walimu wanaokuja wiki 2 au 3 wakati wa likizo, wakapewa darasa asubuhi na matembezi mchana. Hawa wa mwisho hudharauliwa, lakini ndio walioanzisha nusu ya ushirikiano ninaoufahamu. Mwalimu aliyeleta kundi la watoto 20 akaona wanatunzwa vizuri, mwaka unaofuata huleta mkuu wake.

Chuo humpataje mwanafunzi wa kwanza katika nchi mpya?

Njia inayotangazwa sana ni maonyesho ya elimu: hoteli kubwa, meza yenye kitambaa, bango, peremende na rundo la vipeperushi. Mtu hurudi na majina 300 kwenye karatasi na kumwambia mkuu wake kwamba safari ilifana. Baada ya mwaka wanajisajili wawili. Sisemi maonyesho hayana maana. Yanasaidia chuo kujua bei ya washindani na maswali ya wazazi, ila anayeyategemea peke yake anachota maji kwa tenga.

Kinacholeta watu ni mahusiano na shule chache. Mwalimu wa ushauri katika sekondari moja, akishakiamini chuo, hutuma wanafunzi 3 mwaka huu na 5 mwaka ujao, na hutuma wanaofaa kwa sababu jina lake liko rehani. Ili kumpata mwalimu huyo, chuo lazima kimrudishie kitu: kiendeshe semina kwa walimu wake, kimwandikie maendeleo ya kila mwanafunzi, na kimweleze ukweli pale mtoto anapofeli. Kazi hii hula miaka, na haipendezi kwenye ripoti ya robo mwaka.

Wahitimu ni hazina nyingine inayoachwa ivunde. Vyuo vikuu vina ofisi nzima za wahitimu, lakini chuo cha FE mara nyingi hakina hata orodha ya barua pepe. Kijana aliyesoma umeme Leeds na sasa ana kampuni yake nyumbani angeweza kuongea na wazazi kwa lugha yao, bila bango wala peremende, na hakuna anayempigia simu.

Kuna wafadhili pia. Serikali, kampuni ya mafuta au kampuni ya meli huleta watu 15 kwa mkupuo, na ada hulipwa na mkono mmoja. Ni biashara tamu hadi bajeti ya huko inapobadilika, ndipo chuo kinapogundua kwamba darasa zima lilikuwa limening'inia kwenye saini ya waziri mmoja.

Kuhusu intaneti, mengi yaliyoandikwa ni mbwembwe. Mzazi anatafuta vitu vinne kwenye tovuti ya chuo: ada yote kwa jumla, mahali mtoto atakapolala, mtu wa kumpigia simu, na wahitimu wamekwenda wapi. Vyuo vingi humwonyesha picha za wanafunzi wanaocheka juu ya nyasi.

Mwanafunzi analazimika kupitia wakala? Na wakala hulipwa na nani?

Halazimiki. Unaweza kuomba moja kwa moja, na ada haitapungua wala kuongezeka. Wakala kwa kawaida hulipwa kamisheni na chuo, ambayo ni asilimia ya ada ya mwaka wa kwanza, baada ya mwanafunzi kufika na kujisajili. Baadhi huongeza ada ya huduma kwa mzazi. Hilo si kosa lenyewe, mradi liwe wazi na liandikwe kwenye risiti.

Wakala mzuri ni mali. Anajua vyeti vya nchi yake, anajua benki ipi taarifa zake huaminika, na humwambia mzazi "mtoto huyu bado" kabla ya ubalozi kusema hivyo. Mwaka 2012 Uingereza, Australia, Ireland na New Zealand zilikubaliana misingi ya maadili ya mawakala inayojulikana kama London Statement. Uingereza imeendelea na mfumo wake wa ubora unaohusisha British Council (taasisi ya Uingereza ya elimu na utamaduni nje ya nchi), BUILA (chama cha ofisi za kimataifa za vyuo vikuu) na UKCISA (baraza la masuala ya wanafunzi wa kigeni). British Council pia hufundisha mawakala na washauri, na orodha ya waliohitimu iko wazi mtandaoni.

Mkataba na wakala unapaswa kusema wazi kama anaruhusiwa kutumia mawakala wadogo. Wakati mmoja nilipitia maombi kumi na mawili yaliyoletwa siku moja na wakala mmoja, na barua za kujieleza zote zilitaja ndoto ileile ya utotoni, hadi jina la mjomba aliyekuwa fundi. Wakala aliapa hajui. Huenda kweli hakujua, maana zilitoka kwa mtu wa tatu, huko ambako mkataba wetu haukufika.

Mzazi atajuaje kwamba haibiwi?

Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya taasisi zote zenye leseni ya kudhamini wanafunzi. Ni bure na haihitaji nywila. Kama jina la chuo halimo, hakiwezi kukudhamini upate viza ya mwanafunzi, hata kama jengo lake ni zuri namna gani. Pili, lipa ada kwenye akaunti ya chuo chenyewe, si ya wakala wala ya "mratibu". Tatu, andika barua pepe kwa chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake, si ile iliyo kwenye kadi ya wakala, uulize kama wakala huyo ni wao. Vyuo hujibu swali hilo haraka kuliko maswali mengine yote.

Leseni ya udhamini ni nini, na kwa nini kila ofisi ya kimataifa huitaja kwa woga?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, tuchukue muda.

Chuo hakiwezi kumpokea mwanafunzi kwa viza ya muda mrefu bila leseni kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Leseni ikiwepo, chuo humpa kila mwanafunzi aliyekubaliwa namba ya uthibitisho iitwayo CAS, na mwanafunzi hutumia namba hiyo kuomba viza. Tangu tarehe 5 Oktoba 2020 njia hii huitwa Student, na watoto wa miaka 4 hadi 17 wana ya kwao, Child Student. Kwa kozi za chini ya shahada, kozi lazima iwe ngazi ya 3 au zaidi, iwe na angalau saa 15 za masomo ya mchana kwa wiki, na mwombaji wa njia ya Student awe na Kiingereza cha kiwango cha B1. Mwanafunzi asipojisajili, au akitoweka, chuo kina siku 10 za kazi kutoa taarifa. Yaani mwalimu anapoweka alama ya mahudhurio, anafanya pia kazi ya uhamiaji, apende asipende.

Kila mwaka wizara hukipima chuo kwa vipimo vitatu. Hadi mwaka 2025 vilikuwa hivi: viza zilizokataliwa ziwe chini ya asilimia 10, waliojisajili wasipungue asilimia 90, na waliomaliza kozi wasipungue asilimia 85. Waraka wa serikali wa Mei 2025 ulipendekeza kukaza kila kimoja kwa pointi 5.

Sasa piga hesabu. Chuo kikuu chenye maombi 4,000 ya viza, yakikataliwa 8, ni asilimia 0.2. Hakuna anayekosa usingizi. Chuo cha FE chenye maombi 80, yakikataliwa 8 yaleyale, ni asilimia 10 kamili, na kimefeli. Kwa kipimo kilichopendekezwa, manne tu yanatosha. Familia moja iliyoleta taarifa ya benki ya kughushi, vijana wawili walioshindwa kujibu kwa nini wamechagua kozi hiyo, na mmoja aliyesahau cheti: leseni imeingia hatarini, pamoja na wanafunzi wote waliokwisha kufika na kazi za watu wa ofisi.

Ndiyo maana chuo kidogo kinaweza kumhoji mwombaji kwa ukali kuliko chuo kikuu maarufu. Wazazi hukasirika: "Chuo cha ufundi kinajifanya nani?" Kinajifanya chuo ambacho kila mwombaji wake ni zaidi ya asilimia moja ya hatima yake. Ndiyo maana pia kuongeza idadi haraka ni hatari. Bodi inayomwagiza mkuu wa ofisi ya kimataifa alete wanafunzi mara mbili ndani ya mwaka haijasoma vipimo hivyo.

Mwanafunzi wa FE anaruhusiwa kufanya kazi?

Usije na bajeti inayotegemea kazi. Tarehe 3 Agosti 2015 wanafunzi wapya wa vyuo vya FE vya umma waliondolewa haki ya kufanya kazi saa 10 kwa wiki. Leo jibu hutegemea aina ya mdhamini na ngazi ya kozi, na hata panaporuhusiwa chini ya shahada, ni saa 10 kwa wiki wakati wa muhula. Kilichoandikwa kwenye viza yako ndicho kinachotawala, si alichosema rafiki aliyeko Manchester.

Fedha za kuonyesha ni kiasi gani?

Ada ya mwaka wa kwanza, pamoja na fedha za kujikimu kwa miezi isiyozidi 9. Kuanzia tarehe 2 Januari 2025 kiwango kilikuwa pauni 1,483 kwa mwezi kwa anayesoma London na pauni 1,136 nje ya London, na hupandishwa mara kwa mara. Fedha zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Zikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Kuna pia mchango wa huduma ya afya, ambao kwa wanafunzi umekuwa pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 2024, mbali na ada ya viza yenyewe.

Mwanangu ana miaka 16. Nani atamtunza?

Swali hili huulizwa na akina mama kwa sauti ya chini mwishoni mwa mkutano, wakati lilipaswa kuwa la kwanza. Vyuo vingi vya FE havina mabweni. Mtoto hukaa kwa familia mwenyeji, ambayo chuo au wakala wa malazi huikagua, pamoja na kuchunguza rekodi za jinai za watu wazima waliomo nyumbani. Wazazi lazima watoe barua ya ridhaa inayoeleza wanakubali viza, safari na mahali pa kuishi. Vyuo vingi hudai pia awepo mlezi aliye ndani ya Uingereza, mtu mzima wa kuitwa saa nane usiku. Ipo taasisi ya AEGIS inayotoa ithibati kwa kampuni za ulezi.

Uliza mambo madogo. Mtoto atakula nini jioni? Ataswali au kusali wapi? Akiumwa Jumamosi, simu ni ipi? Chuo kinachojibu bila kupekua mafaili kimeshawahi kulea. Kinachosema "tutakutumia kijitabu" bado kinajifunza, na si lazima kijifunzie kwa mwanao.

Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilibadilisha nini?

Mengi, na kwa ghafla. Kabla yake kijana wa Ufaransa au Hispania aliingia chuo cha England kama mwenyeji, kwa ada ya mwenyeji. Kuanzia Agosti 2021 wanaoanza kozi wakitoka Umoja wa Ulaya wamekuwa wageni kama wengine, isipokuwa wenye hadhi maalumu ya ukaazi na raia wa Ireland. Madarasa ya Kiingereza yaliyojaa vijana wa Ulaya yalipungua wanafunzi.

Uingereza ilitoka pia katika Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ambao ulilipia safari za kwenda na za kuja. Badala yake, mwaka 2021 ulianza mpango wa Turing, uliopewa jina la mwanahisabati Alan Turing. Turing hulipia wanafunzi wa Uingereza kwenda nje, popote duniani, lakini haulipii wenzao kuja. Wales haikuridhika, ikaanzisha Taith, unaoruhusu mabadilishano ya pande mbili. Desemba 2025 serikali ilitangaza kwamba Uingereza itarejea Erasmus+ mwaka 2027. Kwa vyuo vya FE hii si habari ndogo. Mwanafunzi wa ususi au useremala ndiye ambaye familia yake haiwezi kumlipia wiki 3 nje ya nchi, na mtu kama huyo hupata pasipoti yake ya kwanza kwa ajili ya safari ya chuo.

Ushirikiano una maana gani zaidi ya kuletewa wanafunzi?

Una maana nyingi, na watu wawili mezani huweza kutumia neno hilo moja wakiwa na mawazo tofauti kabisa. Kwa mmoja ni mafunzo ya walimu. Kwa mwingine ni kuandika mtaala pamoja, kufundisha kozi ya BTEC au ya bodi ya mitihani ya City & Guilds ndani ya chuo cha nchi nyingine, kushauri jinsi ya kuwavuta waajiri, au kuendesha chuo kizima kwa mkataba. Mashindano ya kimataifa ya ufundi ya WorldSkills nayo huleta watu pamoja, kwa kuwa walimu wa fani moja huonana na kulinganisha viwango kwa macho, si kwa hotuba.

Hapo ndipo chuo cha FE kinapokishinda chuo kikuu. Nchi inayotaka mafundi wa kuchomelea 500 haihitaji profesa. Inahitaji mwalimu aliyechomelea kwa miaka 20, anayejua karakana ipangweje ili watu wasiungue, na jinsi ya kupima kazi ya mikono kwa haki.

Sisi ni chuo cha nje. Tuanzeje?

Msianze na hati ya makubaliano. Najua hiyo ndiyo desturi: bendera mbili, kalamu mbili, picha. Hati za namna hiyo zimejaa kabatini kwa sababu hazimlazimishi mtu kufanya lolote Jumatatu asubuhi.

Anzeni na kazi moja ndogo yenye tarehe. Kwa mfano, walimu wenu wawili wa umeme na wao wawili wapitie pamoja moduli moja kwa wiki sita kwa njia ya video, kisha wanafunzi wa pande zote wafanye kazi ileile na walimu wasahihishane. Hilo ni rahisi sana, na litawaonyesha mapema kama mwenzenu hujibu barua, kama walimu wake wana muda, na kama mkuu wake anajua mnachofanya. Likifaulu, ongezeni. Likifa, limekufa likiwa dogo.

Mkifika kwenye vyeti, kumbukeni kwamba chuo cha FE kwa kawaida si mwenye cheti. Cheti ni cha bodi ya mitihani kama Pearson au City & Guilds, na kituo chenu kitahitaji idhini ya bodi hiyo: karakana ikaguliwe, wasahihishaji wa ndani wafunzwe, kumbukumbu zitunzwe. Mdhibiti wa nchi yenu naye awe amekubali, la sivyo mtatoa cheti kizuri kisichotambulika nyumbani. Kwa Kenya ni TVETA, kwa Tanzania ni NACTVET. Muulizeni mapema, kabla ya bendera na kalamu.

Kwa nini miradi mikubwa hushindwa?

Katika miaka ya 2010 Saudi Arabia iligawa mikataba ya kuendesha vyuo vya ufundi chini ya mpango wa Colleges of Excellence, na vyuo vya FE vya Uingereza vilikuwa miongoni mwa walioshinda. Magazeti ya elimu yalishangilia. Baadaye baadhi yao waliondoka na hasara. Kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi kilikuwa chini kuliko kilivyokadiriwa, malipo yalifungamana na matokeo, na walimu waliohamia huko walikuwa ghali na hawakudumu. Wapo waliobaki na kufanikiwa, kwa hiyo kosa halikuwa kwenda.

Kosa la kawaida ni chuo kuazima watu wa nyumbani. Mkuu wa idara bora kuliko wote anapelekwa nje mwaka mzima, na huku nyuma idara yake inaporomoka, wakaguzi wa elimu wa serikali, Ofsted, wanabisha hodi. Kosa jingine ni kukokotoa bei bila gharama za miezi ya kusubiri malipo. Chuo kikuu kinaweza kuhimili miezi 6 bila kulipwa, lakini chuo cha FE chenye akiba ya siku chache hakiwezi.

Mwenzetu wa nje ameomba "shukrani" kidogo ili kibali kitoke. Tufanyeje?

Mkono mtupu haulambwi, ndivyo wahenga walivyosema, lakini Sheria ya Hongo ya Uingereza ya mwaka 2010 haina masikio ya wahenga. Chini ya kifungu chake cha 7, shirika linaweza kushtakiwa kwa kushindwa kuzuia hongo iliyotolewa na mtu anayelifanyia kazi, hata kama ilitolewa nje ya Uingereza na makao makuu hayakujua. Wakala wako anaweza kuhesabiwa kuwa mtu huyo. Kinga pekee ni kuonyesha kwamba ulikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Zawadi ya kalamu na fulana ya chuo haina neno. Bahasha ina neno, hata iwe nyembamba.

Baada ya FE, kijana anaweza kuendelea chuo kikuu na kubaki kufanya kazi?

Kuendelea chuo kikuu, ndiyo, na wengi ndiyo nia yao. Ila tangu Novemba 2015 masomo ya FE kwa mtu mzima yamewekewa ukomo wa miaka 2, na kanuni za kubadili viza ukiwa ndani ya nchi zilikazwa. Kwa hiyo panga bajeti ukijua kwamba huenda ukalazimika kurudi nyumbani na kuomba viza upya kutoka huko. Njia ya Graduate, iliyofunguliwa tarehe 1 Julai 2021 ili wahitimu wabaki kufanya kazi, ni ya waliomaliza shahada au kozi chache za taaluma zilizotajwa. HND haimo. Wakala anayemuahidi kijana wa ngazi ya 3 kwamba atabaki anauza mbuzi kwenye gunia.

Viza ikikataliwa, ada hurudishwa?

Kwa vyuo vingi vya umma hurudishwa, baada ya kukatwa gharama za utawala, mradi utume nakala ya barua ya kukataliwa. Haiwi hivyo iwapo nyaraka zilikuwa za kughushi. Hapo chuo huzuia kiasi kikubwa au chote. Masharti yamo kwenye sera ya marejesho, ambayo mzazi husaini pamoja na barua ya kukubaliwa bila kuisoma. Iombe kabla ya kulipa, na uangalie mambo matatu: kiasi kinachokatwa, siku ngapi hadi fedha zirudi, na zinarudi kwenye akaunti ya nani. Hilo la tatu ni muhimu ikiwa ada ililipwa na mjomba aliyeko nchi nyingine, kwa kuwa vyuo hurudisha fedha kule zilikotoka, na mjomba lazima ajue zinakuja.